Kiharusi Kidogo: Afadhali Rufaa Iende Bure

Mgonjwa anapofika kwa daktari, mkono ulioishiwa nguvu asubuhi umesharudi. Mdomo uliopinda umenyooka, anaongea vizuri, pengine anaona haya hata kusumbua watu. Kiharusi kidogo ndivyo kilivyo: damu huziba mahali kwenye ubongo, kisha njia hufunguka yenyewe, mara nyingi ndani ya saa moja. Daktari hana cha kushika wala kupima. Ana masimulizi tu.

Ndiyo maana huko Uingereza, ambako daktari wa familia ndiye anayeandika rufaa, karibu nusu ya wanaofika kwenye kliniki za kiharusi kidogo huonekana hawakuwa nacho. Huyu alikuwa na kipandauso, yule kifafa, mwingine alizirai tu au sukari ilishuka. Wapo pia ambao tatizo liko sikioni, dunia inazunguka kila wakigeuka kitandani. Ukiitazama takwimu hiyo juujuu, utasema madaktari wanabahatisha. Mimi naona wanafanya kazi yao.

Tazama Oxford. Hadi Septemba 2004, wagonjwa waliofuatiliwa na mtafiti wa kiharusi Peter Rothwell na wenzake walipangiwa miadi, kisha bingwa akamwandikia ushauri daktari wa familia. Kwa kawaida dawa ya kwanza ilichukua siku 20 kumfikia mgonjwa. Mwezi uliofuata miadi ikafutwa, dawa zikaanza kutolewa palepale, na siku 20 zikawa moja. Waliopata kiharusi kingine ndani ya siku 90 walipungua kutoka asilimia 10.3 hadi 2.1. Na dawa zenyewe hazikuwa ngeni: aspirini, vidonge vya presha, vya kupunguza mafuta kwenye damu.

Kwa hiyo mwenye kipandauso akitumwa bure, amepoteza nauli na nusu siku. Aliyeambiwa "ni uchovu tu, kapumzike" anaweza kurudi amebebwa.

Hata hivyo, rufaa hazilingani. Barua inayosema "kizunguzungu, presha 170/100, naomba msaada" humwacha bingwa gizani. Nyingine inaeleza kwamba saa 1:40 asubuhi mgonjwa alikuwa akinywa chai, kikombe kikamponyoka mkono wa kulia, maneno yakamtoka ovyo, baada ya dakika kumi yakaisha, na mkewe alishuhudia. Hiyo imeshamaliza nusu ya kazi. Kiharusi hunyang'anya, tena ghafla: nguvu, maneno, au jicho moja kufunikwa kama limeshushiwa pazia. Kipandauso aghalabu huongeza: vimulimuli machoni, ganzi inayotambaa polepole kutoka vidoleni hadi shavuni. Anayezirai huona giza macho yote mawili, hutoka jasho, ndipo huanguka.

Palikuwa na jaribio la kuyageuza haya kuwa hesabu. Mwaka 2007 zilitoka alama za ABCD2: umri, presha, dalili, muda wake na kisukari, jumla alama 7. Zilikusudiwa kubashiri nani yuko hatarini. Kumbe sehemu ya ubora wake ilikuwa kuwatenga wenye kiharusi kidogo cha kweli na wanaofanana nao. Lakini mtu mwenye alama chache anaweza kuwa na mshipa wa shingo ulioziba vibaya. Mwaka 2019, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, iliagiza zisitumike kuamua nani angoje. Anayeshukiwa apewe aspirini ya miligramu 300 mara moja, isipokuwa kama ina madhara kwake, na kama tukio ni la ndani ya wiki hiyo aonwe na bingwa ndani ya saa 24. Uamuzi wa busara, kwa maoni yangu.

Kwetu Tanzania, utafiti uliofanyika wilaya ya Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta viharusi vipya 315.9 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka jijini Dar, dhidi ya 108.6 Hai, baada ya kusawazisha umri. Zahanati haina CT wala bingwa wa ubongo. Lakini tabibu mwenye kipimo cha presha na cha sukari anaweza kuuliza maswali yaleyale: saa ngapi, upande gani, ghafla au polepole, nani aliona. Na kama mkono bado umelegea anapouliza, aspirini isubiri picha ya ubongo, kwa sababu huenda mshipa haukuziba bali umepasuka, na mgonjwa huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.