Vichupa vya Chumvi Kwenye Chombo cha Anga

Vitabu vinavyozaliwa na tamthilia za televisheni havifai kusomwa vyote kwa jicho moja. Baadhi yake hugeuza miswada ya waigizaji kuwa hadithi za kusoma, kama alivyofanya James Blish kwa Star Trek ya Marekani kuanzia mwaka 1967, enzi ambayo kipindi kikishapita hewani mtazamaji wa kawaida hakuwa na namna ya kukihifadhi nyumbani. Vingine, ambavyo ndivyo vyenye utamu zaidi, humpeleka msomaji nyuma ya pazia.

Cha kupigiwa mfano ni The Making of Star Trek, kilichotoka mwaka 1968 tamthilia yenyewe ikiwa bado inaonyeshwa, ambamo Stephen Whitfield alinakili madokezo, yaani barua fupi ambazo watu wa ofisi moja huandikiana kikazi. Humo hubainika kwamba mashine ya kuwayeyusha watu na kuwaibua kwenye sayari nyingine ilibuniwa kwa sababu kutua kwa chombo cha anga kila wiki kungekula fedha nyingi mno. Hubainika pia kwamba vichupa vya chumvi vya mezani, vilivyonunuliwa kwa ajili ya kipindi kilichomhusu kiumbe mla chumvi, vilikuwa na umbo geni hivi kwamba hakuna ambaye angevitambua, vikaishia mikononi mwa mhusika Daktari McCoy kama vyombo vya tiba.

Hata hivyo, mwamba ngoma huvutia kwake, na mwandishi mwenza wa kitabu hicho ni Gene Roddenberry, mbunifu wa tamthilia. Yeye alishikilia kwamba NBC, shirika lililoirusha, lilimkataa mwanamke kuwa naibu nahodha. Lakini Herbert Solow na Robert Justman, waliokuwa viongozi wa utayarishaji, waliandika mwaka 1996 kwamba shirika halikumkataa mwanamke bali mwigizaji aliyechaguliwa, Majel Barrett, ambaye alikuwa mpenzi wa Roddenberry na baadaye akawa mkewe.

Waigizaji nao wana kumbukumbu zao, na katika hizo msomaji wa Kiswahili hukutana na neno lake mwenyewe: Nichelle Nichols alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na Uhuru, riwaya ya Robert Ruark kuhusu Kenya, Roddenberry akalipenda neno hilo, na irabu ya mwisho ikabadilishwa ili lisikike kama jina la kike, likawa Uhura, jina la mhusika aliyemwigiza, ingawa Kiswahili hakina desturi ya kutofautisha jinsia kwa irabu.