Jiko Nje, Joto Ndani: Kulala Garini na Hemani Katika Baridi ya Mbinga

Baridi ya Mbinga hutokana na mwinuko. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Umatengo hupanda hadi karibu mita 2,000, ilhali Ziwa Nyasa liko chini kabisa, kwenye mita 475 hivi. Hewa hupoteza takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo anayetoka Mbamba Bay, ufukweni mwa ziwa hilo, kwenda Mbinga, safari isiyofikisha kilometa 70 za lami, hufika kwenye hewa iliyopungua joto kwa nyuzi 5 au 6. Mwezi Juni na Julai, usiku unapokuwa hauna mawingu, ardhi hupoa upesi na alfajiri huwa kali. Hata hivyo, hii si baridi ya kumuua mtu mzima aliyejifunika vizuri. Hatari kubwa ni jiko analoliingiza ndani ili kuikimbia.

Wanaolala nje ya nyumba katika msimu huo si wachache. Wapo madereva wa malori na utingo wao wanaosubiri kupakia makaa ya mawe ya Ngaka, ambayo uchimbaji wake mkubwa ulianza mwaka 2011. Wapo wanaofuata kahawa, maana mavuno yake huangukia miezi hiyo hiyo ya baridi. Huko ufukweni wapo wavuvi wa kambini na wafanyabiashara wa usipa wanaolala ndani ya Fuso au Noah wakingoja mzigo wa asubuhi. Karibu wote wana jiko la mkaa la kupikia, na usiku ukiwa mkali huwa ni rahisi kulivuta karibu, kisha kulipandisha ndani.

Mkaa unapoungua kwenye hewa ya kutosha hutoa kabonidayoksaidi. Lakini katikati ya jiko, penye makaa mekundu na hewa chache, gesi hiyo hukutana na kaboni ya moto na kugeuka kabonimonoksaidi. Hii haina rangi, haina harufu wala haikerehi koo. Uzito wake unakaribia ule wa hewa, hivyo haishuki sakafuni wala haikusanyiki darini. Huenea kila mahali. Ikivutwa mapafuni hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 au zaidi, na damu hubaki ikizunguka bila kubeba inachotakiwa kubeba.

Hesabu ndogo inaonyesha ukubwa wa jambo. Majiko ya kawaida hutoa zaidi ya gramu 100 za gesi hiyo kwa kila kilo ya mkaa. Tuseme kabini ya lori yenye kitanda ina mita za ujazo 8, na imefungwa. Robo kilo ya mkaa, yaani vipande vichache vilivyobaki baada ya kupika ugali, inaweza kujaza zaidi ya miligramu 3,000 katika kila mita ya ujazo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu miligramu 100 kwa dakika 15 tu, na 35 kwa saa moja. Hema dogo lina nafasi finyu kuliko kabini, na turubai lililolowa umande huziba karibu kama plastiki.

Kuhusu jiko la ndani kuna imani kadhaa ambazo zimekaa sana, na ni vyema zikanushwe moja moja. Wengi huamini kwamba mkaa ukishashika na kuwa mwekundu bila moshi, hauna madhara. Ukweli ni kwamba moshi ndio ungemwamsha mtu, na kukoma kwake hakumaanishi kwamba sumu imekoma. Makaa yaliyofunikwa na majivu huendelea kuitoa kwa saa nyingi. Wengine huweka sufuria ya maji pembeni ya jiko ili “yanyonye” gesi, ila kabonimonoksaidi haiyeyuki majini kwa kiasi cha maana, na sufuria hiyo haisaidii lolote zaidi ya kuongeza unyevu. Imani ya tatu ni ya kushusha kioo kidogo. Hiyo ina mantiki, lakini upepo ukitulia hewa haipiti, na upepo ukibadilika unaweza kuirudisha gesi ndani. Hakuna aliyelala anayeweza kulipima hilo. Nyumba za zamani za nyasi zilivumilia moto wa ndani kwa sababu paa lenyewe lilipitisha hewa. Kabini ya bati na mpira wa milango haina sifa hiyo.

Makaa ya mawe ni mabaya zaidi. Kwa kuwa huanguka barabarani na hupatikana bure kwenye njia ya malori, wapo wanaoyatia jikoni. Yanawaka kwa joto kubwa na hudumu, lakini pamoja na kabonimonoksaidi hutoa gesi za salfa zinazochoma mapafu. Kwenye chumba cha kulala hayana nafasi hata kwa dakika moja.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko lake juu huwaka kwa usafi zaidi, na kwa sababu hiyo watu huuamini kupita kiasi. Moto wake wa buluu hula oksijeni ya kabini, na oksijeni ikipungua hubadilika kuwa wa njano na kuanza kutoa sumu ile ile. Gesi isiyowaka ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hulala sakafuni ikingoja cheche. Tena, kila kilo ya gesi inayoungua huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, ambayo hugeuka matone kwenye vioo na kulowesha blanketi. Jiko la mafuta ya taa lina kasoro hizo za moto, na juu yake lina hatari ya kupinduka.

Kuwasha injini ili hita ya gari ifanye kazi ni salama gari likiwa mwendoni, lakini gari lililosimama usiku kucha huzungukwa na moshi wake lenyewe, hasa ekzosi ikiwa na tundu au lori likiwa limebanwa katikati ya mengine kwenye foleni. Umeme wa betri nao haufiki mbali. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1,200 kwa makadirio ya juu. Hita ya wati 1,000 huimaliza kwa saa moja hivi, na asubuhi gari haliwaki. Blanketi la umeme la wati 50 ni suala jingine: betri hiyo hiyo hulimudu saa kadhaa.

Chombo cha moto kinachofaa kwa gari la kulala ni hita ya dizeli inayofungwa kwenye gari, kama zile za Webasto na Eberspächer, ambazo hukutwa kwenye baadhi ya malori yaliyotoka Ulaya. Moto wake huwaka ndani ya chumba cha chuma kilichozibwa. Huvuta hewa kutoka nje ya gari na kutoa moshi nje ya gari. Kinachoingia kabini ni hewa iliyopita juu ya chuma cha moto, basi. Ya kilowati 2 hutumia lita 0.1 hadi 0.3 za dizeli kwa saa. Masharti yake ni mafundi kutokata bomba la moshi, na bomba hilo lisiishie chini ya sakafu. Kengele ya betri inayotambua kabonimonoksaidi ni nyongeza nzuri, mradi isichanganywe na kengele ya moshi, ambayo haioni gesi hii.

Kwa wasio na hita hiyo, njia bora ni kutengeneza joto nje na kuliingiza likiwa limehifadhiwa. Mwili wa mtu aliyelala hutoa wati 70 hadi 80. Lita 2 za maji ya nyuzi 80 zikipoa hadi 35 hutoa joto linalolingana na la mwili huo kwa zaidi ya saa moja. Maji hayo yatiwe kwenye mfuko wa mpira au chupa ya chuma, yafungwe kwa kitambaa na kuwekwa miguuni. Chupa za soda hujikunja kwa maji ya moto hivyo. Godoro au magunia makavu chini yana maana kuliko blanketi la pili juu, kwa kuwa bati la sakafu hunyonya joto usiku wote. Kofia na soksi kavu husaidia kuliko pombe. Pombe hufungua mishipa ya ngozi na kulipoteza joto, na hufanya usingizi uwe mzito kiasi cha kutosikia dalili yoyote.

Ufukweni, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, mambo hubadilika. Ziwa hutunza joto, na usiku wa huko hauna ukali wa Umatengo. Tatizo la mvuvi ni upepo wa kusi na nguo zilizolowa. Nguo kavu zilizofungwa ndani ya plastiki na kizuizi cha upepo upande wa kusini wa kambi humfaa kuliko moto, na moto ukikokwa ubaki nje ya kibanda.

Dalili za sumu ya mkaa ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kukosa nguvu, na katika wilaya zenye malaria huchukuliwa kwa urahisi kuwa homa. Kinachotofautisha ni kwamba waliolala pamoja huugua pamoja, tena bila joto la mwili kupanda. Milango ifunguliwe, mgonjwa atolewe kwenye hewa safi na kupelekwa hospitali yenye oksijeni, iwe ya Mbinga, Litembo au Liuli. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya sumu hutoka damuni baada ya saa 4 hadi 6. Kwa oksijeni safi muda huo hushuka hadi kama saa moja na nusu. Aliyemleta amwambie mganga waziwazi kwamba mgonjwa alilala na jiko, kwa sababu kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni hakiwezi kuitofautisha sumu hii na oksijeni, na kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu anayekufa.