Kweli au Uongo: Kete Zako Baoni

Huku Msimbu, wilayani Kisarawe, anayejifunza bao hafundishwi na mtu mmoja. Hufundishwa na baraza zima. Kila mtazamaji ana la kusema, na mengine humpotosha mwanafunzi kwa muda mrefu. Tuyapime kwa kanuni za bao la Kiswahili: mashimo 32, kete 64, kila mchezaji na 32 zake.

"Mwenye kete nyingi ndiye mshindi." Uongo, tena ndio unaowaangusha wengi. Unafungwa pale safu yako ya mbele inapobaki tupu, au unapokosa la kucheza. Kete zinazoliwa ni za mbele tu; za nyuma mpinzani hazigusi. Hapo ndipo mtu anapojidanganya: anarundika nyuma akidhani ameweka akiba, kumbe mbele panakauka. Waweza kuwa na kete 40 nyuma na ukafungwa mchana kweupe. Rundo lenyewe lina ugonjwa wake pia, maana kwenye mtaji, yaani awamu inayofuata kete zote zikishaingizwa baoni, shimo lenye kete zaidi ya 15 haliwezi kuanza kula. Usitawanye kupita kiasi nako, kwa sababu shimo lenye kete moja halianzi mchezo. Ukibaki na mojamoja kila mahali, umekwisha.

"Nyumba isiguswe kamwe." Nusu kweli. Nyumba, lile shimo kuu la safu yako ya mbele, huanza na kete 6, na wakati wa namua, yaani awamu ya kwanza ya kuingiza kete, kila mmoja akiwa ameanza na 22 mkononi, inafaa kuilinda kwa wivu. Lakini ukiwa unakula, kete ya mwisho ikiangukia nyumbani kwako, una hiari: ulale, yaani zamu yako iishe, au uende safari, yaani uzisambaze kete za nyumba. Nenda safari ukiwa umeshahesabu itaishia wapi na kama itakula. Anayeikumbatia nyumba hadi ikaliwa amemtunzia mpinzani wake.

"Kula ni hiari." Uongo. Penye kula, lazima ule. Wachezaji wazuri huugeuza ulazima huo kuwa mtego: wanaacha kete chache mahali ambapo mwenzao hatakuwa na njia nyingine ila kuzila. Mtego huu hunoga zaidi pembeni. Ukila kwenye kichwa, shimo la mwisho la safu ya mbele, au kwenye kimbi kilicho jirani yake, huchagui upande. Unaanza kusambaza kutoka kichwa hicho hicho. Aliyekutega anajua tangu mwanzo mkono wako utaishia wapi.

"Bao ni bahati." Uongo mtupu. Hakuna dado, hakuna kilichofichwa. Kila kete iko machoni penu wote wawili.

Basi wewe unayeanza, kabla hujanyanyua kete, angalia safu ya mbele, yako na ya mwenzio. Hesabu mashimo uliyo nayo ya kuchezea baada ya yeye kujibu, ndipo uchague.