Tembea Ukienda, Ruka Ukirudi

Mchezaji wa Skyrim akifungua ramani na kuchagua mji ambao amekwisha kuufikia, safari ndefu ya miguu humalizika mara tu skrini inapopakia. Wengi huuchukulia usafiri huu wa haraka kuwa huduma ya bure, ya kutumiwa kila njia inapochosha. Hoja yangu ni tofauti: katika michezo ya video ya dunia wazi, ile ya mapanga, majoka na uchawi, kuruka kwenye ramani ni mali kama dhahabu na dawa, na mali ina mahali pa kutumiwa. Safari ya kwanza ya kwenda mahali itembewe. Kuruka kuwekewe safari za kurudi na zile za kurudiarudia. Sisemi hivyo kwa kupenda kutembea tu. Nasema kwa sababu michezo yenyewe imejengwa hivyo, na anayekwenda kinyume na ujenzi huo hujipunguzia nguvu bila kujua.

Ujenzi wenyewe unaonekana vizuri zaidi katika Morrowind, mchezo wa mwaka 2002. Humo huwezi kubonyeza ramani ukajikuta popote. Kuna wadudu wakubwa wanaobeba abiria kati ya miji, kuna mashua za pwani, na kuna wachawi wa chama ambao kwa ada hukurusha kutoka tawi lao moja hadi jingine. Mkazi wa mtaa wa Pioneer anayekwenda Iten ataelewa mara moja: unachukua matatu hadi mjini Eldoret, unabadilisha gari, kisha unamalizia kwa bodaboda au kwa miguu. Vivyo hivyo, mchezaji aliyeshuka Seyda Neen na anataka Sadrith Mora hupanda mdudu hadi Balmora, humlipa mchawi wa hapo amrushe, na akitaka pango lililo mbali na mji hutembea. Juu ya mtandao huo kuna uchawi wa Mark, unaoweka alama mahali ulipo, na Recall, unaokurudisha kwenye alama hiyo. Alama ni moja tu. Ukiiweka mpya, ya zamani imefutika. Ndiyo maana mchezaji mzuri wa Morrowind huwaza kwanza atarudije kabla hajaondoka, na huko kuwaza ndiko ninakokuita matumizi ya busara.

Miaka minne baadaye Oblivion, mchezo uliofuata katika mfululizo uleule, ilifungua karibu miji yote mikubwa kwenye ramani tangu mwanzo, na mazoea ya kuruka kila mahali yakaota mizizi. Skyrim, mwaka 2011, ilirudi nyuma hatua moja: lazima ufike mahali kwanza ndipo ramani ikuruhusu kuparukia. Sharti hilo dogo linaeleza mengi. Wabunifu wamepanga mapango, kambi za majambazi na vijiji kando ya njia wakijua utapita, na kila unachokipita kinakuwa kituo chako cha baadaye. Anayetembea mara moja kutoka Whiterun hadi Riften anavuna vituo, silaha na uzoefu ambao mwenye kuruka atautafuta baadaye kwa taabu. Isitoshe, saa ya mchezo husonga unaporuka. Dawa uliyokunywa kujiongezea nguvu huweza kuisha kabla hujatua, kwa hiyo inywe ukifika. Upande wa faida, wafanyabiashara hujazwa tena fedha baada ya saa 48 za mchezo, na safari mbili tatu za kurukia miji ya mbali huweza kukusogeza kwenye saa hizo huku ukiuza mzigo wako. Mzigo nao una sheria yake: ukizidi uwezo wako huruki, isipokuwa umepanda farasi. Mwenye kuingia pangoni bila farasi mlangoni ataacha nusu ya mali ndani.

Elden Ring ya mwaka 2022 inatoza gharama ya namna nyingine. Kuruka hakuna bei, lakini ukishaingia kwenye pango au kaburi la chini kwa kawaida huwezi kuruka kutoka humo mpaka umuue bwana wa mahali hapo, na ukifa unaacha chini runes zote ulizobeba, yaani sarafu ya kununulia vitu na kupanda daraja. Ukifa tena kabla ya kuziokota, zimepotea. Basi wakati bora wa kuruka ni kabla ya kuingia, siyo baada ya mambo kuharibika: ukiwa na runes za kutosha kupanda daraja, rudi kwenye kituo cha nuru kilicho karibu, zitumie, kisha uingie pangoni ukiwa huna cha kupoteza.

Pingamizi kubwa zaidi ni la muda, na hapa Eldoret lina uzito. Kijana anayelipia kwa saa kwenye kibanda cha gemu, au mfanyakazi mwenye saa moja ya usiku na tokeni za stima zinazohesabika, atauliza kwa haki ni vipi aambiwe atembee. Simlaumu. Ila hesabu ya saa hiyo moja ndiyo inayonipa nguvu. Anayeruka huku na huku kufuata kazi moja moja hutumia muda mwingi akitazama skrini ikipakia. Anayekusanya kazi tano za eneo moja, akaruka mara moja hadi kituo cha karibu, akazimaliza kwa miguu na kuruka kurudi, hupata zaidi kwa muda uleule. Na kuna jambo ambalo wachezaji wa Ulaya huenda hawalifikirii sana: Skyrim inaweza kuwekwa ijihifadhi yenyewe kila unaposafiri. Stima zinapopotea bila taarifa, kuruka kabla ya pambano kubwa ni bima. Sababu hiyo peke yake inatosha kuruka.

Pingamizi la pili ni kwamba njia nyingine ni tupu. Ni kweli, na njia tupu haistahili kutembewa mara mbili. Hideaki Itsuno, aliyeongoza utengenezaji wa Dragon's Dogma 2, alisema kabla mchezo haujatoka kwamba safari huchosha pale tu mchezo wenyewe unapochosha. Namuunga mkono, na mchezo wake unamtetea: jiwe la kurukia huuzwa dhahabu 10,000, mkokoteni wa ng'ombe ni rahisi lakini huvamiwa njiani, na majeraha hupunguza kiwango cha juu cha afya yako mpaka ulale. Lakini mchezo ulipotoka Machi 2024, Capcom, kampuni iliyoutengeneza, ilikuwa pia ikiuza kwa fedha halisi fuwele moja ya kuwekea kituo cha kurukia. Wachezaji walikasirika, na walikuwa na haki, kwani uhaba ulioleta mvuto wa safari ulikuwa umewekewa bei dukani. Hakuna haja ya kuinunua. Fuwele zinapatikana ndani ya mchezo, mji wa Vernworth tayari una ya kudumu, na ya kwanza utakayookota iweke katika mji wa Bakbattahl, ambako hakuna.