Kuvuja, Kufoka na Kufurika: Kutafuta Chanzo cha Maji Chini ya Mashine ya Kuoshea Vyombo

Kitenzi 'kuvuja' kina tabia moja inayostahili kuangaliwa kwa makini. Huweza kuchukua kiima cha aina mbili: mtungi huvuja, na maji nayo huvuja. Anayesema 'mashine inavuja', basi, ameshaihukumu mashine kwamba ina tundu au ufa mahali fulani, hata kabla ya kuinama na kutazama. Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Maji yaliyotapakaa sakafuni huenda yalifurika kutoka ndani, au yalirushwa nje na mkono uliopasuka, au yalitokea kwenye bomba la sinki lililo jirani, na mashine yenyewe ikawa nzima kabisa.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ya kutafuta chanzo cha maji hayo nyumbani kabla ya kumwita fundi. Mashine za kuoshea vyombo bado ni chache katika nyumba za Kenya, na ni nadra vitabu vya maelekezo vinavyoandamana nazo kuandikwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, anayeitumia mashine kila siku aghalabu ni mfanyakazi wa nyumbani ambaye lugha yake ya kazi ni Kiswahili, na maji yanapoonekana sakafuni yeye ndiye hulaumiwa kwanza. Kwake, tofauti baina ya kuvuja na kufurika si jambo la kamusi tu. Huenda ikawa ndiyo tofauti baina ya kuachwa kwa amani na kukatwa mshahara.

Wazo la mashine hii ni kongwe. Josephine Cochrane wa Shelbyville, Illinois, nchini Marekani, alipata hataza ya mashine yake mwaka wa 1886, nayo ikaonyeshwa katika maonyesho makubwa ya Chicago mwaka wa 1893. Kanuni yake ingali inatumika: vyombo hutulia, maji ndiyo yanayorushwa kwa nguvu. Wengi hudhani kwamba tumbo la mashine hujaa maji kama karai. Sivyo. Lita chache tu hukaa chini kabisa. Pampu huyafyonza maji hayo na kuyasukuma katika mikono inayozunguka, nayo mikono huyarusha kwenye vyombo, yakaanguka, yakachujwa na kufyonzwa tena. Kwa hivyo mpira unaouzunguka mlango umeundwa kuzuia maji yanayorushwa, si maji yaliyosimama. Yakipanda hadi kizingiti cha mlango, hakuna mpira utakaoyazuia, na anayekimbilia kununua mpira mpya kwa sababu hiyo anatupa pesa zake bure.

Kabla ya uchunguzi wowote, umeme ukatwe. Nyaya za mashine zimo chini, mahali pale pale maji yanapokusanyika, na umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240. Swichi izimwe kisha plagi ichomolewe. Ikiwa plagi au soketi imelowa, isiguswe. Swichi kuu ya nyumba ndiyo izimwe kwanza. Koki inayopeleka maji kwenye mashine nayo ifungwe.

Methali ya kwamba pafukapo moshi pana moto haifai sana hapa. Sakafu ya jikoni ni nadra kuwa sawasawa, na maji hufuata mteremko. Dimbwi likionekana kushoto, chanzo huenda kiko kulia, au nyuma ukutani. Njia rahisi ya kukabiliana na udanganyifu huo ni kukausha sakafu kabisa, kutandaza magazeti makavu chini ya mashine na kandokando yake, kisha kuiendesha na kuangalia gazeti lipi linalowa kwanza. Swali la lini lina uzito kuliko hata swali la wapi. Maji yakionekana mashine ikiwa imezimwa, lawama iko upande wa kuingizia maji, kwa kuwa bomba hilo hukaa na shinikizo la maji usiku na mchana. Yakionekana wakati wa kuosha, washukiwa ni mlango, mikono na pampu. Yakitoka mwishoni, mashine inapotema maji machafu, bomba la kutolea ndilo litazamwe, na sinki pia, maana sinki lililoziba hurudisha maji. Rangi nayo ni shahidi: maji safi hutoka upande wa kuingizia, machafu hutoka kwingineko.

Hapa ndipo vitenzi vinaposaidia. Maji yanayodondoka tone moja moja huashiria kiungo kilicholegea au mpira mdogo uliochakaa mahali bomba linapounganishwa na koki. Kukaza kidogo au kubadilisha mpira huo hutosha. Yanayochuruzika bila kukoma huashiria bomba lililochubuka au lililotafunwa na panya, jambo lisilo geni katika nyumba nyingi. Povu likifoka mlangoni, basi kosa ni la sabuni. Sabuni ya kawaida ya kuoshea vyombo kwa mkono imetengenezwa ili itoe povu, na mashine haihitaji povu hata kidogo. Kijiko kimoja tu cha sabuni hiyo chaweza kulijaza tumbo lote.

Kufurika ndiko kunakohitaji fikira zaidi. Vali ya kuingizia maji hufunguliwa kwa umeme, na umeme ukikatika hujifunga. Mijini ambako maji hutolewa kwa mgao, mabomba hukaa makavu, na maji yanaporudi huja na mchanga na mashapo. Chembe moja ikikwama ndani ya vali, vali haifungi barabara, na maji huendelea kuingia polepole hata mashine ikiwa imelala. Jaribio lake ni jepesi: mashine ikiwa inajaza maji, umeme ukatwe, mlango ufunguliwe na maji ya chini yatazamwe. Yakizidi kupanda, vali ndiyo mbovu au chafu. Yakiacha kupanda, vali ni nzima, na kasoro imo katika boya au kihisi kinachopaswa kuiambia mashine kwamba maji yametosha. Boya hilo wakati mwingine hukwama kwa sababu ya punje ya wali tu.

Kwa upande wa mlango, mpira upanguswe kwa kitambaa chenye siki ili kuondoa mafuta na ukoga wa chokaa. Ukoga huo ni mwingi pale panapotumika maji ya visima vya pwani, ambayo hupita katika mawe ya matumbawe. Mikono inayozunguka ikaguliwe, kwani ikipasuka maungoni hurusha maji moja kwa moja kwenye upenyo wa mlango. Sinia pana lililopangwa vibaya nalo huyageuza maji vivyo hivyo. Pimamaji iwekwe juu ya mashine: ikiwa imeinamia mbele, miguu yake ya mbele hupandishwa kwa kuizungusha.

Mashine nyingi za siku hizi zina boya la pili, ndani ya sinia la chini ya tumbo. Maji yakifika hapo, boya huelea, mashine hukataa kufanya kazi na pampu ya kutolea maji hunguruma bila kupumzika. Wapo wanaoiinamisha mashine, wakamwaga maji hayo na kuendelea kama kawaida. Huko ni kumnyamazisha mlinzi aliyepiga kelele kwa sababu.

Likibaki gazeti la katikati peke yake, likilowa maji machafu wakati wa kuosha, muhuri wa pampu ndio uliokwisha. Kazi hiyo ni ya fundi, kwa sababu huenda mashine ikahitaji kupinduliwa na kufunguliwa chini. Lakini fundi aliyeambiwa kwa simu kwamba 'maji machafu yanachuruzika katikati, mashine inapoosha, si inapotema' atajua mapema ni kifaa gani cha kuuliza dukani.