Likizo Rungwe: Pima matembezi kwa mtoto mdogo kuliko wote

Tulikuwa tumepanda kwa dakika 40 hivi ndani ya msitu wa Ngosi, Juni mwaka jana, mwongozaji wetu aliposimama na kumgeukia dada yangu. Aliuliza swali moja tu: "Mama, huyu mtoto amelala tangu saa ngapi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Mpwa wangu wa mwaka mmoja na miezi minane alikuwa mgongoni, ndani ya mbeleko, kichwa kimeegemea bega la mama yake. Manyunyu hayakuwa yamekoma tangu tuingie msituni. Sisi watu wazima tulikuwa tukitokwa jasho, na dada, kwa kuona joto limemzidi, alikuwa amemvua mtoto sweta tulipoacha gari. Tulipoona ametulia tulifurahi, tukajua amelala.

Mwongozaji akaishika miguu iliyokuwa ikining'inia nje ya mbeleko, akatuambia na sisi tuishike. Ilikuwa ya baridi kama samaki. Mtoto alipoitwa jina alifumbua macho, akatutazama bila kulia wala kutabasamu, akayafumba tena.

Tuligeuka palepale. Ziwa tulilotoka Dar es Salaam kuja kuliona hatukuliona, na kaka yake mtoto, aliyekuwa na miaka 10, alilia njia nzima ya kushuka. Garini tulimvua mdogo nguo zote zilizolowa, shemeji akamlaza kifuani ngozi kwa ngozi, tukawafunika wote wawili kwa blanketi. Baada ya nusu saa hivi akaanza kulia na kudai maziwa. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile.

Mimi huandika habari za afya kila wiki, na bado sikuliona lililokuwa likitokea hatua mbili mbele yangu. Kama unapanga kuwapeleka watoto Tukuyu likizo hii, soma haya kabla hujachagua pa kwenda.

Anayebebwa hapandi mlima

Mtu anayepanda mlima hutengeneza joto kwa misuli yake. Mtoto aliyebebwa hafanyi kazi hiyo. Wewe unatokwa jasho, yeye amekaa. Jasho lako linamlowesha tumboni, mvua inamlowesha mgongoni, na upepo unapiga miguu iliyoning'inia.

Zaidi ya hapo, mwili wa mtoto mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima. Nguo za pamba zikilowa hushika maji na kuendelea kumpoza. Si lazima kuwe na barafu. Manyunyu, upepo na saa moja vinatosha.

Kwa hiyo usimvishe mtoto kwa kupima joto lako. Mvishe nguo moja zaidi ya zako, soksi ndefu na mzula, na kila baada ya dakika 15 mguse miguu, mikono na kifua. Miguu ikiwa baridi, mwongezee nguo. Kifua nacho kikiwa baridi, mmefika mwisho wa safari.

Wilaya moja, hali za hewa tofauti

Wengi wetu tunaotoka Pwani au Dodoma tunaifikiria Rungwe kama sehemu moja yenye baridi na ndizi. Sivyo. Ziwa Masoko, ambalo wenyeji huliita Kisiba, liko kwenye mita 850 hivi juu ya usawa wa bahari. Mji wa Tukuyu uko juu zaidi, kwenye mita 1,500 na ushee. Kingo za juu kabisa za Ngosi, katika milima ya Poroto, zinapita mita 2,600, na kilele cha Mlima Rungwe kinakaribia mita 2,960.

Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Maana yake, mtoto aliyevaa fulana Masoko anaweza kukuta hali ya hewa yenye upungufu wa nyuzi 10 akifikishwa kwenye ukingo wa Ngosi siku hiyohiyo.

Kisha kuna mvua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya Dodoma. Juni hadi Septemba mvua hupungua, lakini huo ndio msimu wa baridi. Desemba kuna joto kidogo, ila njia zina matope. Machi hadi Mei waache watoto wabaki kwenye matembezi mafupi.

Nani aende wapi

Kosa letu lilikuwa kuanza na sehemu maarufu kuliko zote, halafu kuwaburuta watoto kuifuata. Anza na mtoto mdogo kuliko wote, kisha tafuta sehemu inayomfaa.

Kama ana chini ya miaka mitano, Daraja la Mungu linatosha kuwa safari ya siku. Lipo upande wa Kiwira, kaskazini mwa Tukuyu, na gari hufika karibu. Ni daraja la mwamba juu ya Mto Kiwira, lililotokana na uji wa volkano uliotiririka na kuganda huku mto ukiendelea kupita chini yake. Mwambie mtoto kwamba hakuna fundi aliyelijenga, uone atakavyouliza maswali. Kijungu, ambako mto huohuo huzunguka kwenye mwamba kama maji yanayochemka chunguni, hakiko mbali, lakini kipo eneo la Magereza, hivyo taratibu za kuingia zipo na zifuatwe.

Masoko nako kunawafaa wadogo, kwa sababu ni tambarare zaidi na kuna joto. Ni ziwa la duara lililokaa kwenye shimo la volkano, na Wajerumani waliweka kambi hapo wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Watoto wa shule watapenda habari ya samaki wake. Mwaka 2015 wanasayansi walieleza katika jarida la Science kwamba aina moja ya samaki wa ziwa hilo dogo inaelekea kugawanyika kuwa mbili, wengine wakiishi karibu na ufukwe na wengine kilindini.

Wa miaka sita hadi tisa wanaweza maporomoko ya Kaporogwe, kusini mwa Tukuyu, ambako kuna pango nyuma ya maji yanayoanguka. Njia ya kushuka huteleza, na kila aendaye hurudi amelowa. Nguo za kubadilisha hapo ni lazima.

Ngosi ni ya watoto wa kuanzia miaka 10 hivi, waliozoea kutembea, wakiwa na mwongozaji na siku isiyo na mvua. Ni mwendo wa saa moja au zaidi wa kupanda, tena kwa mtu mzima, kwenye udongo unaoteleza na majani yanayowasha. Ziwa hutazamwa kutoka ukingoni. Kuta zake zinashuka wima kwa mamia ya mita, na kushuka hadi majini si jambo la kufanya na mtoto.

Mlima Rungwe wenyewe, nyumbani kwa kipunji, nyani ambaye sayansi ilimtangaza mwaka 2005 tu, ni safari ya siku nzima. Waachie vijana wakubwa na watu wazima wenye mazoezi. Hifadhi hiyo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Waulize kuhusu viingilio, waongozaji na hali ya njia kabla ya kuondoka mjini.

Saa ya kugeuka

Ukiambiwa njia ni ya saa moja, hesabu mbili kama una watoto. Anza saa 2 asubuhi, maana mawingu na mvua hupenda kuja mchana. Kubalianeni mapema, watoto wakisikia, kwamba ikifika saa 6 mtageuka hata kama mmebakiza hatua chache. Ahadi iliyotolewa asubuhi hupunguza machozi ya mchana, na hupunguza ubishi wa watu wazima pia.

Njia rahisi kuliko zote ni kugawanyika. Si lazima familia nzima ione kitu kimoja siku moja.

Maji, mawe na mashimo

Karibu na Mto Kiwira na kwenye maporomoko, kila mtoto mdogo awe na mtu mzima mmoja aliyemshika mkono. Si mtu mzima mmoja kwa watoto watatu, wala dada wa miaka 12 kumshika mdogo wake. Kabla ya kupiga picha, anayepiga amkabidhi mtoto kwa mwingine kwa kumtaja jina. Watoto wengi hupotea machoni pale ambapo kila mtu anadhani mwenzake anamwangalia.

Rungwe ni ardhi ya volkano, na baadhi ya maeneo hutoa gesi ya kabonidayoksaidi kutoka chini. Ni gesi ileile inayotiwa kwenye soda, na wilayani humo huvunwa kwa matumizi ya viwanda. Haionekani, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hukusanyika kwenye mabonde madogo na mashimo. Mtoto, kwa ufupi wake, ndiye huivuta kwanza. Mkikuta ndege au wadudu waliokufa shimoni, au wenyeji wakiwaambia msipite mahali fulani, msipite.

Wenye maradhi ya kudumu

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu. Baridi, upungufu wa maji mwilini na miinuko ya juu ni vitu vinavyoweza kuamsha maumivu yao. Mtoto wa aina hiyo si lazima abaki nyumbani. Zungumza na daktari wake kabla ya safari, chagua Masoko badala ya Ngosi, na mpe maji mara kwa mara hata kama hasikii kiu.

Mwenye pumu atembee na dawa yake ya kuvuta mfukoni mwa mtu anayetembea naye. Ikiachwa garini ni sawa na iliyosahauliwa nyumbani.

Malaria nayo ipo, hasa mkishuka Masoko au mkiendelea hadi Kyela. Laleni kwenye chandarua. Dalili huanza kuonekana siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, hivyo mtoto akipata homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi, mpeleke akapimwe na umwambie mhudumu mlikokuwa.

Begi la siku

Kwa kila mtoto beba koti la mvua, sweta, mzula, soksi mbili na seti moja kamili ya nguo kavu iliyofungwa isilowe. Viatu viwe gambuti au raba zenye meno. Yeboyebo na kandambili zibaki hotelini. Ongeza chupa ya chai yenye sukari, maji, mayai ya kuchemsha, chapati na karanga. Ndizi na parachichi mtavikuta barabarani. Mtoto mwenye njaa hupoa haraka, kwa hiyo ale kabla hajaomba.

Ukiona amepoa

Dalili ya kwanza ni kutetemeka. Baadaye mtoto hujikwaa ovyo, hulialia bila sababu, hulegea, kisha hunyamaza. Akiwa baridi bado lakini ameacha kutetemeka, hali imezidi kuwa mbaya. Kwa wachanga na wadogo sana mtetemeko unaweza usionekane kabisa, kama ilivyokuwa kwa mpwa wangu.

Mtoe kwenye upepo, mvue kila kilicholowa, mfunike kichwa na umweke kifuani kwako ngozi kwa ngozi. Akiwa macho kabisa na anameza vizuri, mpe kinywaji cha uvuguvugu chenye sukari. Usimsugue miguu kwa nguvu, usimweke karibu na moto, na usimpake wala kumnywesha pombe. Akisinzia au asipochangamka, msisubiri. Hospitali ya Wilaya ipo Makandana, Tukuyu, na upande wa kaskazini kuna Hospitali ya Igogwe. Uliza njia ya kufika kabla ya kuanza kutembea, mtandao wa simu ukiwa bado unapatikana.

Tuliporudi

Mwezi uliopita tulirudi Rungwe, na safari hii tuligawanyika. Dada alibaki na mdogo Masoko, wakarusha mawe majini na kula ndizi za kuchoma. Mimi na shemeji tulimpeleka mkubwa Ngosi, pamoja na mwongozaji yuleyule.

Tulifika ukingoni kabla ya saa 5. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Tulikaa, tukanywa chai, tukaangalia saa. Ilipobaki robo saa muda wetu uishe, upepo ulisukuma wingu upande mmoja na ziwa likaonekana chini kabisa, la kijani. Mtoto wa watu hakusema neno. Alipiga picha moja, kisha akauliza kama mdogo wake akifika miaka 10 yeye atakuwa na umri gani, ili aje naye.

Mwongozaji alimjibu kwamba atakuwa na miaka 18, na kwamba siku hiyo yeye ndiye atakayekuwa na kazi ya kuangalia miguu ya wadogo.