Saratani ya Pafu kwa Mtu Mwenye Maradhi Mengine

Wanachama wetu wengi ni watu wazima na wazee. Mtu wa umri huo akipatikana na saratani ya pafu, aghalabu huwa tayari ana maradhi mengine: kisukari, moyo dhaifu, ama pumzi fupi iliyoletwa na sigara. (Tusijikoshe: karafuu za visiwa hivi zilipelekwa Indonesia kwa wingi kutiwa katika sigara.) Hapo jamaa huuliza, "Apasuliwe au asipasuliwe?"

Tuseme ni mzee wa miaka 72, na uvimbe wake ni mdogo, haujatambaa. Mwenye nguvu hupasuliwa. Lakini kabla ya kisu, daktari atampulizisha katika mashine ya kupimia pumzi, na pengine atampandisha ngazi. Awezaye kupanda mita 22, kimo ambacho mikarafuu mingi haikifikii, huhesabiwa kuwa ana akiba nzuri ya pumzi.

Akishindwa, asikate tamaa. Iko mionzi inayolengwa juu ya uvimbe peke yake, kwa siku chache tu badala ya majuma mengi. Mwaka 2010 madaktari wa Marekani walitoa habari za wagonjwa 55 wa namna hii, waliotibiwa mara 3 tu kila mmoja. Baada ya miaka 3, uvimbe ulikuwa umezuiwa mahali pake kwa kiasi cha 98 katika kila 100. Hata hivyo waliokuwa hai ni kama 56 katika 100. Watu hao walikuwa wagonjwa wa mambo mengine tangu mwanzo, na si kila kifo kilitoka katika uvimbe ule. Naye mwenye mapafu yenye makovu mengi, mionzi yaweza kumzidishia dhiki. Lazima aulize mapema.

Saratani ikiwa imetambaa, huja dawa za kutiwa mshipani. Sisplatini hudhuru figo na masikio, kwa hivyo mwenye figo mbovu mara nyingi hupewa kaboplatini. Dawa za kuzuia kutapika nazo, baadhi yake hupandisha sukari. Mgonjwa wa kisukari asishangae, bali apime kila siku na kumwarifu daktari.

Kwa maoni yetu, swali la kwanza kumwuliza daktari ni hili: "Nisipotibiwa, kitakachonitangulia ni pafu au moyo?" Ni swali zito, na wana hawapendi lisemwe mbele ya baba yao. Lakini mwenye mwili ni yeye. Akichagua kutulizwa maumivu na kupumua kwa raha, hiyo nayo ni tiba, wala hajatupwa.

Avukaye bahari kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, achukue mkobani vidonge vyake vyote, pamoja na mizizi anayochemsha nyumbani, avimwage mezani mbele ya daktari. Asifiche hata kimoja.